Tunakumbuka kwa Faida ya Nani?

Wengi wetu tuliomaliza sekondari hatuna mjomba. Sisemi mjomba ndugu yake mama. Huyo tunaye, na pengine naye anauza mitumba. Nasema mjomba wa ofisini, yule mwenye uwezo wa kuandika kimemo cha mistari miwili na mlango ukafunguka. Asiye na mjomba wa namna hiyo anatembeza bahasha. Ndani ya bahasha mna barua ya maombi, nakala ya cheti cha kuzaliwa na nakala ya cheti cha kidato cha nne. Kwenye foleni unakuta wenzako mia mbili wana bahasha hizohizo za kaki, zimelowa jasho la kwapa. Sasa wewe utajulikanaje?

Kijiweni kwetu jibu linalopendwa ni kichwa. Eti fundisha kichwa chako kukumbuka, nenda kwenye usaili, wakubwa wakuone una akili ya ajabu, kazi wakupe. Mbinu za kukumbuka zipo kweli. Mimi nimejifunza baadhi yake na zinafanya kazi, kwa hiyo sitaki tubishane kama zinafaa au hazifai. Swali langu ni la maadili. Kijana anayefundisha kichwa chake ili aonekane kuliko wenzake, je, anatenda haki? Na kama kuna anayedhulumiwa hapo, ni nani?

Niondoe kwanza hoja moja. Rafiki yangu mmoja, mtu wa msimamo, husema mbinu hizi zote ni utapeli. Kwa maoni yake mwajiri anataka kukuona wewe ulivyo, nawe unamwonyesha mazoezi. Mimi humjibu hivi: mchezaji mpira anayekimbia kwenye mchanga wa Coco kila alfajiri hamtapeli mtu anapomwacha beki dakika ya tisini. Kasi ile aliipata kwa jasho, na kilichoingia mwilini kwa jasho ni chako. Kichwa nacho ni kiungo cha mwili. Kama kuna utapeli, uko kwenye kimemo, maana mwenye kimemo anaingia na nguvu ya mtu mwingine.

Hata hivyo rafiki yangu hakukosea kila kitu. Kuna kukumbuka na kuna kumeza. Shuleni sote tulimeza: ukurasa mzima wa historia, tarehe kwa tarehe, tukautapika kwenye karatasi ya mtihani na jioni ileile tukausahau. Wapo wanaoumeza usaili vivyo hivyo. Ukiuliza, "Jieleze kwa ufupi," anakujibu kwa maneno ya kijitabu. Ukiuliza, "Kwa nini unataka kufanya kazi hapa?" anakujibu jibu lilelile alilotoa wiki iliyopita kwa kampuni nyingine. Huyo kweli amejificha nyuma ya mazoezi. Hapo nakubaliana na rafiki yangu, ila naona kosa liko kwenye kile kilichobebwa, si kwenye kile kilichobeba.

Sanaa yenyewe ni ya zamani mno. Hadithi ya mwanzo wake aliiandika Cicero, msemaji mkubwa wa Roma, mwaka 55 kabla ya Kristo. Anasimulia habari za Simonides, mshairi wa Kigiriki aliyezaliwa miaka kama 500 kabla yake. Simonides alikuwa mtafuta riziki kama sisi, alitunga kwa malipo. Tajiri mmoja aitwaye Scopas alimwita karamuni ili amsifu kwa shairi. Simonides akamsifu, lakini sehemu kubwa ya shairi akawasifu miungu mapacha, Castor na Pollux. Scopas akampa nusu ya ujira, akamwambia hiyo nusu nyingine akawadai hao mapacha. Kitambo kidogo Simonides akaambiwa kuna vijana wawili wanamwita nje. Alipotoka hakuona mtu, na nyuma yake paa la ukumbi likaporomoka, likawaua Scopas na wageni wake. Maiti ziliharibika hata ndugu zao hawakuweza kuzitambua. Simonides aliwatambua wote, kwa sababu alikumbuka kila mmoja alikuwa amekaa wapi. Hapo, anasema Cicero, akagundua kwamba kumbukumbu hushikwa na mahali.

Watu huipenda hadithi hii kwa ajili ya mbinu iliyomo. Mimi huirudia kwa sababu nyingine. Katika hadithi ya mwanzo kabisa ya sanaa hii, hakuna aliyepigiwa makofi. Watu walirudishiwa maiti zao wakazike. Naomba msomaji ulishike jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Mbinu yenyewe ni nyepesi. Unachagua njia unayoijua hata ukiwa na usingizi, na kila kituo unakipa jambo moja la kubeba. Jambo hilo unalivalisha sura ya kuchekesha au ya kutisha ili lisisahaulike. Mimi hutumia Barabara ya Morogoro, kutoka Ubungo kwenda mjini: Shekilango, Manzese, Kagera, Mwembechai, Magomeni Mapipa, Jangwani, Fire. Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi ya msaidizi wa mtunza stoo, nilikwenda kwanza kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyestaafu kazi hiyo. Akanifundisha jioni tatu mfululizo barazani kwake, nami nikayapanga mafundisho yake njiani.

Shekilango nikaweka lori lililogoma kushusha mzigo mpaka lisomewe hati yake kwa sauti. Maana yake: usipokee kitu kabla ya kukilinganisha na karatasi. Manzese nikamweka bibi kizee anayepita mbele ya foleni huku akiwachapa vijana kwa bakora. Maana yake: mzigo uliotangulia kuingia ndio utangulie kutoka. Mwembechai nikaweka mwembe unaodondosha leja badala ya maembe: kinachofika mkononi kiandikwe siku hiyohiyo. Jangwani, ambako mvua kubwa ikinyesha hujaa maji, nikaweka magunia ya unga yanayokimbilia juu ya mbao: mzigo usikae sakafuni. Nikaingia chumba cha usaili kama mtu aliyepanda daladala. Swali likija nashuka kituo chake, nachukua jibu, napanda tena.

Tazama lakini nilichokibeba. Zilikuwa kanuni za kazi yenyewe, na kila moja mzee alinieleza kwanza sababu yake. Barabara ya Morogoro haikunifanya mjuzi wa stoo. Ilinishikia tu nilichokielewa, nisipotewe nacho mbele ya meza yenye watu wanne na jagi la maji.

Mwenzangu mmoja niliyesoma naye alichagua njia nyingine. Alilichukua tangazo la kazi, akalishika lote, neno kwa neno, mpaka namba ya sanduku la posta. Siku ya usaili akaomba ruhusa ya kulisema bila karatasi. Akalisema. Kisha akalisema tena kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza. Anasimulia kwamba wasaili walicheka wakapiga makofi, mmoja akatoka kumwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. Halafu wakamshukuru, akaenda zake. Kazi hakupata. Pengine aliyepata alimzidi kwa mengine, lakini neno aliloniambia mwenzangu bado linanikaa: "Bwana, walinifurahia kama unavyomfurahia kasuku."

Jambo hilo la kusema mbele na nyuma lina historia yake. Mwaka 1595 padri Mwitaliano aitwaye Matteo Ricci alikuwa katika mji wa Nanchang, Uchina, naye aliwashangaza wasomi wa huko kwa kusoma orodha ya maandishi ya Kichina mara moja na kuirudia yote, mbele na nyuma. Ricci naye alikuwa na haja yake, alitaka wakubwa wampokee ili wasikilize dini yake. Mwaka 1596 akaandika kijitabu cha Kichina juu ya sanaa ya kukumbuka, akampa gavana wa jimbo, ambaye watoto wake walikuwa wakijiandaa kwa mitihani ya serikali. Mitihani hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa kazi za serikali Uchina kwa karne nyingi, mpaka ilipofutwa mwaka 1905. Mtoto mkubwa wa gavana alikisoma kijitabu, akatoa maoni ambayo Ricci mwenyewe aliyaandika: kwamba kanuni hizi ni za kweli, lakini mtu anahitaji kumbukumbu nzuri mno ndipo aweze kuzitumia.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza. Sisi kijiweni tunasema kichwa ni silaha ya asiye na mjomba. Kumbe hata mbinu za kichwa zilifika kwanza nyumbani kwa gavana! Mwenye mjomba naye ana kichwa, tena ana muda na nafasi ya kukifundisha, wakati wewe uko bombani unapanga ndoo. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kuonekana kwa kumbukumbu ni haki kwa kuwa tu sisi ni maskini. Kama ni haki, iwe haki kwa sababu nyingine.

Sababu hiyo ni ipi? Nafasi ni moja, waombaji mia mbili. Atakayepata atawaacha mia na tisini na tisa nje, na kuwaacha nje peke yake si dhambi, maana haikwepeki. Dhuluma inaingia pale nilipopata nafasi kwa jambo lisilohusiana na kazi. Nikimpumbaza msaili kwa orodha ya maneno mia, naye akaniweka stoo wakati kwenye benchi amekaa mtu anayeijua stoo kunizidi, nimemdhulumu huyo wa kwenye benchi. Nimemdhulumu na mwajiri. Na wale makuli watakaocheleweshewa malipo kwa sababu ya hesabu zangu mbovu, hao nimewadhulumu zaidi, na siku ya usaili hata hawakuwepo.

Utasema, mbona kumbukumbu kali inafaa kila kazi? Hapa ndipo wengi tunapopotea. Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha habari za mwanafunzi mmoja waliyemwita S.F. Alipoanza alikuwa mtu wa kawaida, akisomewa tarakimu anashika kama saba hivi. Akazoezwa zaidi ya saa 230 katika muda wa karibu miaka miwili, mwishowe akawa anashika tarakimu 79. Siri yake ni kwamba alikuwa mkimbiaji, hivyo tarakimu alizigeuza kuwa muda wa mbio: dakika kadhaa, sekunde kadhaa. Basi wakambadilishia, wakampa herufi badala ya tarakimu. Akashika kama sita tu. Uwezo wa kichwa kizima haukuongezeka. Kilichokua ni kile alichokizoesha, tena kwa kuwa kilishikamana na jambo alilolipenda.

Maana yake kwetu ni nzito. Kijana anayesema mbele ya wasaili, "Mimi nina kumbukumbu kali," kwa sababu ameweza kushika mpangilio wa pakiti ya karata, anaahidi asichokuwa nacho, hata kama anaamini anasema kweli. Karata zile hazitamsaidia kukumbuka mteja gani aliagiza mabati na yupi aliagiza misumari. Hilo atalikumbuka akiwajali wateja na akiyajua mabati.

Halafu yuko Solomon Shereshevsky. Huyu alikuwa mwandishi wa habari Moscow, na mhariri wake alishangaa kwamba kwenye mkutano wa asubuhi haandiki chochote lakini anakumbuka kila agizo. Akapelekwa kwa mwanasaikolojia Alexander Luria, ambaye alimchunguza kwa karibu miaka 30 na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1968. Kumbukumbu yake ilikuwa haina mpaka unaoonekana. Basi ungedhani mtu kama huyo angepanda cheo mpaka juu. Alipita kazi nyingi, akaishia jukwaani akionyesha watu kumbukumbu yake. Kusoma habari ya kawaida na kupata maana yake kulimtaabisha, kwa sababu kila neno lilimletea picha na picha zikasongamana. Alifika mahali pa kuandika mambo kwenye karatasi na kuzichoma moto ili aweze kuyasahau. Mtu aliyekumbuka kuliko wote alikuwa akiomba asahau.

Sisemi kwamba kumbukumbu iliyofunzwa haina kazi ya kufanya duniani. Madereva wa teksi za London wanaonyesha vingine. Tangu mwaka 1865 mtu akitaka leseni ya teksi zile za kihistoria hana budi kuishika katikati ya mji kichwani, mitaa kama 25,000, na maandalizi huchukua miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 wanasayansi waliwapima 16 kati ya madereva hao na kukuta sehemu ya nyuma ya kiungo cha ubongo kinachohusika na kukumbuka njia ni kubwa kuliko ya watu wengine. Lakini hawakujifunza mitaa ili mtu aseme, "Loo, una akili!" Walijifunza ili mgonjwa akipanda usiku wa manane aseme tu "hospitali", na gari liondoke. Faida ya kumbukumbu ile inakwenda kwa aliyekaa kiti cha nyuma.

Nadhani hapo ndipo pa kupimia. Kumbukumbu ninayoipeleka kwenye usaili, nani atafaidika nayo nikishaajiriwa? Nikikuta jibu ni mimi peke yangu, niache.

Na ziko kazi ambazo kumbukumbu kali, ukiitegemea, ni hatari. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mtunza stoo anayejigamba, "Mimi siandiki, kila kitu kiko hapa," huku akigonga kipaji cha uso, mwajiri mwenye busara amwogope. Siku akiumwa, stoo nayo inaumwa. Siku akitaka kuiba, hakuna ushahidi ila yeye mwenyewe. Aliyeiweka leja kichwani ameifanya mali ya watu kuwa mateka wake. Niliulizwa swali la namna hii kwenye ule usaili wa stoo. Mama mmoja aliyekaa pembeni, ambaye muda wote hakuwa amesema neno, aliniuliza: "Naona unakumbuka vizuri, mwanangu. Sasa daftari litakuwa na kazi gani kwako?" Nikamjibu kwamba kichwa changu ni cha kunikumbusha kuandika. Nilikuwa nimelitoa Mwembechai, chini ya mwembe wa leja. Akatabasamu kidogo, akaandika kitu.

Wengine wanasema siku hizi simu inakumbuka yote, ya nini kujisumbua. Simu itakutunzia namba, hilo halina ubishi. Lakini simu haiwezi kukuambia kwamba jina fulani linakosekana kwenye orodha kama wewe humjui mwenye jina. Na hilo nimeliona kwa macho.

Kabla sijalieleza, nizungumzie majina, maana ndiyo sehemu tamu ya mbinu hizi. Unafundishwa kwamba wasaili wakijitambulisha, shika jina la kila mmoja, kisha umjibu kwa jina lake. Mtu hupenda kusikia jina lake. Ni kweli, na inafanya kazi. Lakini ukilitazama vizuri linatia shaka. Nimelishika jina la mama yule kwa sababu ninamheshimu, au kwa sababu ninataka kitu kwake? Ndoana nayo huvishwa chambo kinachopendwa na samaki.

Kipimo nilichokipata ni hiki, na kila kijana anaweza kukitumia. Getini kuna mlinzi aliyekuonyesha njia. Mapokezi kuna dada aliyekupa kiti. Yuko mtu aliyekuwa akipiga deki koridoni, akainua mopu ili upite usichafue viatu. Hao hawana kura kwenye usaili wako. Je, majina yao umeyashika? Kama uliyashika ya wanne wa mezani tu na hawa watatu wamepita kama moshi, basi ulichofunza ni tamaa. Kama umeyashika yote saba, hakuna atakayekulaumu, hata kama mojawapo litakusaidia kupata ugali.

Sasa nilichokiona. Ajira ya stoo sikuipata siku ile, lakini baada ya wiki tatu niliitwa kufanya kibarua cha miezi miwili wakati wa kuhesabu mali. Pale walikuwepo makuli kumi na mmoja. Msimamizi alikuwa akiwaita "wewe" na "nyie", na anapokasirika huwaita kwa majina ambayo mhariri hatayachapisha. Mimi kwa mazoea yangu nikawapanga njiani. Mmoja nikamweka Kagera amebeba gunia kwa bega la kushoto kama afanyavyo, mwingine Magomeni Mapipa akipiga pipa ngoma, kwa kuwa jina lake linafanana na la mpiga ngoma ninayemjua. Siku ya pili nikaweza kuwasalimia wote kwa majina. Walishangaa kidogo, wakazoea.

Mwisho wa mwezi wa kwanza karani akaja na orodha ya malipo na kalamu, akaanza kuita. Kila aliyeitwa akasogea, akatia saini au dole gumba, akapokea. Nilikuwa nimesimama na madaftari yangu ya kuhesabia. Bila kukusudia, nikaanza kusafiri: Shekilango yuko, Manzese yuko, Kagera hayuko. Orodha ikaisha. Yule wa Kagera alikuwa ametumwa upande wa pili wa ghala na wala hakujua kama malipo yameanza. Nikasema, "Samahani mzee, bado mmoja," nikalitaja jina lake. Karani akatazama karatasi, akasema hayumo. Nikamwambia alikuwa kazini siku zote isipokuwa Jumanne moja, na kazi alizofanya zimo kwenye madaftari ya kuhesabia, tuyafungue. Tukayafungua. Jina likaongezwa chini kwa mkono. Kama lilirukwa kwa bahati mbaya au kwa makusudi, sikuwa na cheo cha kuuliza.

Jina lake silitaji hapa, ni mali yake. Lakini mwajiri hakunishukuru kwa lile, na hapakuwa na msaili wa kupiga makofi. Wala kibarua hakikugeuka ajira, miezi miwili ilipokwisha nikarudi kutembeza bahasha. Hata hivyo nilipokuwa nikienda nyumbani jioni ile nilimkumbuka Simonides na nikaona nimemwelewa kuliko nilipomsoma. Watu walikuwa mahali pao, mmoja akatoweka kwenye hesabu, na aliyekuwa amekumbuka mahali pa kila mtu akaweza kusema huyu naye alikuwepo. Na kichwa peke yake kisingetosha. Kichwa kilijua nani hayupo, daftari likathibitisha.

Sisi tunaotaka kuandika riwaya swali hili linatuhusu mara mbili. Mwandishi ni mtu wa kukumbuka kwa kazi. Kwenye daladala nasikiliza jinsi mama wa samaki anavyomjibu kondakta, nalishika jibu lake, nikifika nyumbani naliandika. Msibani nalia na wenzangu, na huku pembeni ya kichwa kuna mtu anayepanga vituo: sauti ya mwanga wa taa, rangi ya khanga, neno alilosema baba akiwa ameshika mlango. Je, mimi si sawa na yule anayeshika jina la msaili ili apate kitu? Jibu langu ni lilelile la stoo. Kama nawakumbuka ili watu waseme huyu kijana ana kipaji, mimi ni kasuku wa aina nyingine, tofauti ni kwamba naandika. Kama nawakumbuka ili wasirukwe kwenye orodha, nina haki ya kalamu.

Basi, vijana wenzangu, fundisheni vichwa vyenu. Shikeni njia mnazozijua, vituo kwa vituo. Lakini kabla ya kuweka kitu kituoni, nendeni kwanza kwa anayeijua kazi, kaeni barazani kwake muulize sababu. Mkifika kwenye usaili, jibuni mlichokielewa na muache michezo ya mbele na nyuma. Mkiulizwa kama mna kumbukumbu nzuri, semeni ni ya kitu gani, msiseme ya kila kitu. Kazi mtapata au hamtapata, maana vimemo bado vinaandikwa na nafasi bado ni chache, wala sitawadanganya kwamba kichwa kitafungua kila mlango. Ila mtakapotoka nje, pale getini, muageni mlinzi kwa jina lake.